Kivuli Kilichobaki Mutanga

Nilipokuwa mtoto, sikuweza kula kwa kijiko cha chuma. Kikigusa meno yangu mwili wote ulisisimka, na kilikuwa kimeshaanguka chini kabla sijajua kuwa nimekitupa. Mishono ya sare ya shule ilinikwaruza hadi nikawa naivaa ndani nje. Harufu ya sabuni mpya ilinitoa machozi. Na sisi tulikaa Buyenzi, mtaa usiojua ukimya: kila barabara ina garaji, kila garaji ina mtu anayegonga bati au kusaga chuma, na baba yangu, Ramazani, alikuwa mmoja wa hao. Garaji yake na nyumba yetu vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Wakiwasha mashine ya kusagia chuma, nilikimbilia chini ya kitanda cha Bibi, nikajiziba masikio kwa viganja mpaka izimwe.

Siku hizi hali kama ile ina majina yake, na wapo walimu wanaoijua. Wakati ule majirani walikuwa na majina yao wenyewe. Wengine walisema nimedekezwa. Wengine walisema nina watu wangu wasioonekana, nipelekwe nikasomewe. Mama alichoka kuwajibu. Bibi, mama yake Baba, aliyezaliwa Rumonge, kando ya ziwa, na kuolewa mjini angali msichana, alisema neno moja tu: "Huyu mutoto ngozi yake nyembamba. Dunia inamufikia haraka." Kisha akaenda sokoni akaninunulia kijiko cha mti.

Bibi alikuwa na elimu yake kuhusu vivuli. Kwake kila mtu ana viwili. Kuna kile kinachofanywa na jua, ambacho hata jiwe linacho. Na kuna kile cha ndani, kinachoamka asubuhi kabla yako na kukuamsha. Hicho cha ndani ndicho chenye hofu. Mtu akikamatwa kwa nguvu mahali pageni, mwili unatoka, kivuli kinabaki palepale kimejikunyata. Na hakiwezi kurudi chenyewe ikiwa njiani kuna mto, kwa sababu kivuli hakivuki maji bila kushikwa mkono. Alikuwa akitusimulia habari ya kaka yake aliyenusurika kuzama ziwani wakiwa wadogo. Walimtoa majini akiwa mzima, lakini hakucheka tena mpaka mama yao aliporudi ufukoni na kumwita kwa jina. Sisi wajukuu tuliisikiliza habari hiyo kama tunavyosikiliza mvua. Sikudhani hata siku moja kwamba ingenihusu.

Ikaja siku gego langu la chini likaanza kuuma. Bibi aliweka karafuu, ikanichoma ulimi nikaitema. Mama alileta maji ya chumvi, nikakaza midomo. Sikukubali mtu yeyote aangalie. Baada ya muda shavu likavimba, nikawa kama mtu aliyeficha andazi mdomoni, na joto la mwili likapanda.

Baba alikuwa mtu wa kutengeneza. Kwake kitu kibovu hufunguliwa, hutengenezwa, hufungwa, basi. Mteja wake mmoja alimwambia kuhusu daktari wa meno huko Mutanga Nord. Asubuhi iliyofuata alitoa pikapu garajini na kuja uani, ambako Bibi alikuwa akichambua maharage.

"Umemwambia anaenda wapi?" Bibi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nikimwambia hataingia mu gari."

"Basi usimupeleke leo. Mwambie. Alie, alale nayo hiyo habari, kesho mwende."

"Mama, shavu limevimba hivi, kesho ni lini?"

Bibi akaweka ungo chini. "Ramazani, ukimupeleka kwa kumudanganya, utarudi na mwili tu."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haraka. Akaniambia tunaenda mjini kununua mkate wa moto. Nilipenda harufu ya mkate kuliko karibu kila harufu nyingine duniani, na yeye alilijua hilo. Nikapanda.

Nikiwa mtu mzima nimefanyiwa mengi mabaya kuliko yale, na mengi nimeyasahau. Ile safari sijaisahau. Tuliipita boulangerie, duka la mkate, bila kusimama, tukavuka daraja la mto Ntahangwa, tukapanda mlima kuelekea Mutanga. Mbele ya nyumba moja yenye baraza na mabenchi, Baba alizima gari, akanibeba. Ndani kulikuwa na mwanga mweupe, na ile harufu ya dawa inayokwama kooni. Kutoka nyuma ya mlango ilikuja sauti ambayo niliijua mara moja. Ilikuwa sauti ya mashine ya garaji, ila imepunguzwa ili iweze kuingia mdomoni mwa mtu.

Kiti kililala chenyewe nikiwa juu yake. Muuguzi alinishika miguu, Baba akanishika mikono, na kidole chenye glavu kikaingia mdomoni, kina ladha ya tairi. Nikauma kwa nguvu zangu zote. Baba ananiambia kwamba sikupiga kelele hata kidogo, na kwamba afadhali ningepiga. Daktari, aliyeitwa Evariste, alirudi nyuma akishika kidole chake.

"Tuache," alisema. "Tuache. Hivi apana, tutamuumiza bure."

Aliandika dawa ya kushusha uvimbe. Lakini alimwambia Baba wazi kwamba lile jino halitapona, lazima litoke. Likivimba mara ya pili itakuwa kazi ya hospitali kubwa, na huko hakuna atakayekuwa na nafasi ya kubembeleza mtoto.

Wakati wa kurudi Baba alisimama kweli, akanunua mkate. Ulikaa mapajani mwangu mpaka ukapoa.

Nilipofika nyumbani nilikuwa sisemi. Sikukusudia kunyamaza. Maneno yalikuwepo, nikiyaona kabisa, ila yalikuwa mbali kama vitu vilivyo ng'ambo ya barabara yenye magari mengi. Mama aliimba, alinipikia wali mweupe bila mchuzi kama nilivyoutaka, aliniuliza maswali mepesi. Nilimtazama tu. Baba akinikaribia, nilisogea. Haikuwa hasira. Mwili ulisogea wenyewe. Akaanza kula chakula chake garajini, na wafanyakazi wake wakaambiwa wasiwashe ile mashine nikiwa nyumbani.

Dawa ilishusha shavu, lakini siku zilipita na sauti haikurudi. Jirani mmoja alikuja na ushauri wake wa zamani kwamba nisomewe. Bibi alimpa chai, akamsindikiza.

Jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu ni kwamba Bibi alikuwa amesema kweli. Kila nilipofumba macho nilikuwa bado kwenye kile kiti. Nilitoka uani jua likiwa kali, nikatazama ukutani, nikaona kivuli changu kipo, kina mikono na nywele zilizosimama. Hakikunifariji. Hicho kilikuwa cha jua. Kile cha ndani kilikuwa Mutanga, kimelala chali chini ya taa, na hakuna aliyekwenda kukichukua.

Jioni moja baada ya swala ya magharibi niliwasikia wakizungumza karibu na karai la maji.

"Mama, mi si mutu wa mambo haya," Baba alisema. "Mi ninaswali."

"Na mi nafanya nini kila siku, nacheza? Niambie aya inayokataza baba kumwita mutoto wake."

Baba akalisogeza karai kwa mguu.

"Basi nenda we umwite," akasema. "We ndiye unayejua."

"Apana. Aliyemushika ndiye anayemwita. Mi kivuli hakikunikimbia."

Kesho yake Bibi alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Safari hii niliambiwa kila kitu. Tutakwenda kwa miguu, ili kivuli kiijue njia ya kurudi. Tutakwenda kwa yule muganga wa meno. Hakuna atakayenifungua mdomo, hakuna atakayenigusa. Nikitaka kurudi tukiwa darajani, tutarudi, na hakuna atakayenuna. "Utakuja?" aliuliza. Nilihesabu nyuzi za mkeka, naye akangoja. Kisha nikatikisa kichwa kukubali.

Tulitoka watatu. Baba alivaa shati jeupe kama anakwenda swala ya Idi. Mimi nilikuwa na pamba masikioni na kitenge cha Bibi mabegani, kizito, kimekunjwa mara mbili. Ntahangwa ilikuwa imejaa maji ya matope, inakula kingo zake kama kawaida yake wakati wa mvua. Bibi alipumzika darajani, akapumua, akapanda tena. Sijui miguu yake ilimuuma kiasi gani, hakusema.

Barazani kwa daktari watu walikuwa wamekaa wakisubiri, kila mtu na shavu lake. Baba alisimama uani, akakohoa.

"Ita," Bibi akasema.

"Aziza," Baba akaita, kama mtu anayeomba chumvi.

"Hata mi sijasikia."

Baba akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mrefu, fundi anayejulikana mjini, na watu wa barazani walikuwa wameshageuka kumwangalia. Kisha akainua kichwa.

"Aziza! Aziza mwanangu! Baba amekuja kukuchukua. Baba alikosea, hakukwambia kweli, akakushika. Haitakuwa tena. Toka, mama, twende nyumbani!"

Mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi. "Yoo, mutoto anayemwita si huyu hapa?"

"Huyo ni mwili," Bibi alimjibu, kama anayeeleza bei ya ndizi.

Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Mlango ukafunguka, Daktari Evariste akatoka, barakoa imeshushwa kidevuni, kidole bado kina bandeji. Bibi alimweleza jambo lote mbele ya watu bila aibu yoyote. Kivuli cha mjukuu wake kimebaki ndani, wamekuja kukichukua, hawana shida nyingine. Nilimtazama daktari nikisubiri acheke. Hakucheka. Labda alikuwa na bibi yake mahali fulani kule milimani. Labda alikuwa amechoka kuumwa vidole. Alichuchumaa mbali kidogo nami.

"Humura, usiogope," aliniambia. "Ngoja nimalize na hawa wagonjwa. Halafu nitazima mashine zote, uingie ukitafute. Mi sitakugusa."

Tukasubiri. Walipokwisha, alizima kila kitu na kuacha mlango wazi. Chumba bila sauti kilikuwa chumba tu. Kilikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha mti wa avokado. Bibi aliingia kwanza, akasimama katikati, akaanza kusalimia.

"Hodi, taa."

Akamgeukia daktari, akamngoja.

"Eh... karibu," daktari akasema.

"Hodi, mashine."

"Karibu. Hii inasafisha jino. Inalia sana lakini haina meno." Akanitazama. "Siku ukitaka kuisikia, utasimama nje kwanza, uisikie ukiwa mbali."

Akaendelea hivyo, sinki, kioo kidogo, koleo, kila kitu kikapigiwa hodi na kuelezwa kazi yake. Mpaka ikafika zamu ya kiti. Hapo miguu yangu iligoma.

"Kiko pale," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

Daktari akafikiri. "Baba Aziza," akasema, "kaa we."

Baba alitaka kukataa, nikaona. Mtu huyu alikuwa akilala chini ya malori yaliyoinuliwa na jeki moja, lakini alipanda kwenye kile kiti kama anayepanda mti uliooza. Kiti kikalala. Taa ikawaka. Daktari akamwambia afungue mdomo, akaingiza kioo, na miguu ya Baba ikaruka yenyewe. Muuguzi, kwa mazoea tu, akaweka mikono mabegani mwake kumtuliza.

"Usimushike."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, na kwa kitambo hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Hata mimi sikujua. Muuguzi aliinua mikono yake juu. Daktari akatoa kioo. Baba alibaki amelala mdomo wazi, na machozi yakateremka pande zote mbili mpaka masikioni. Hadi leo anasema ilikuwa taa.

Bibi akafunga kitenge chake vizuri. "Haya, kimetoka. Twende kabla hakijageuka."

Tulipofika darajani Baba alisimama. "Nikushike mukono," akaniuliza, "ao utavuka mwenyewe?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri mpaka lori moja likapita. Kisha nikampa vidole viwili, akavishika kwa ncha za vidole vyake, na tukavuka. Nyuma yetu Bibi alikuwa akisema, "Vuka, mama, vuka," na sijui alikuwa anamwambia yupi kati yetu.

Jino lilikuwa bado mdomoni. Hilo ndilo watu husahau nikiwasimulia. Lakini tangu siku ile kazi ilikuwa nyingine. Tulirudi kwa Daktari Evariste nyakati za mchana ambapo hakuna wagonjwa. Kuna siku nilikaa kwenye kiti nikashuka, basi. Kuna siku nilisikia ile mashine nikiwa nje kwenye mti wa avokado, siku nyingine mlangoni. Alinipa kioo kidogo cha kuazima na glavu mpya za kupeleka nyumbani, na Mama alizivaa akimenya ndizi, akifua, akinisuka nywele, mpaka harufu yake ikawa ya mikono ya Mama. Baba naye aliniita garajini, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliweka mashine yake ndogo kabisa mwisho wa ua, akaniambia nikiinua kiganja atazima. Akawasha. Nikainua. Akazima. Akawasha tena. Wafanyakazi walisimama na nyundo zao wakitazama mtoto akiamrisha garaji nzima kwa mkono mmoja. Siku nyingine alisogea hatua chache, akawasha tena. Nilipoacha kuinua kiganja haikuwa kwa sababu sauti imekuwa nzuri. Nilikuwa nimejua ina mwisho, na mwisho wake ninao mimi.

Siku ya jino lenyewe niliambiwa juu ya sindano. "Itakuuma kama siafu," daktari alisema, "halafu shavu litalala, wewe ubaki macho." Niliinua kiganja mara nyingi, na kila mara kila kitu kilisimama, hata pale alipokuwa karibu sana kumaliza na mimi nikaona usoni mwake kwamba angependa kuendelea. Mlio wa jino likitoka niliusikia ndani ya kichwa changu. Ulikuwa mbaya. Lakini nilikuwa nimeambiwa kwamba nitausikia, nao ukapita.

Desturi ilitaka jino litupwe juu ya paa. Bibi alilipima mkononi, akatazama bati, akanitazama mimi na masikio yangu. Akachimba shimo dogo chini ya mpera akalifukia kimya kimya. "Hata huku litafika," alisema.

Bibi ametangulia mbele ya haki siku nyingi sasa. Mdogo wangu aliyesoma anasema mambo ni rahisi: daktari alinizoesha polepole, na mtoto yeyote akizoeshwa hivyo hofu hupungua. Namkubalia. Mama anasema ilikuwa dua ya Bibi. Naye namkubalia. Mimi nakumbuka tu kwamba nilikuwa Mutanga, kisha nikawa nyumbani, na katikati yake palikuwa na sauti ya baba yangu mbele ya watu.

Baba amezeeka, anakaa nami hapa Kibenga, na nyundo za maisha yake yote zimemwachia usikivu mdogo. Ramadhani iliyopita, tukingoja adhana, nilimsogelea sikioni nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Siku ile aliamini maneno ya Bibi?

Aliigeuza tende iliyokuwa mkononi mwake.

"Ya kivuli mi sikujua," alisema. "Nilijua we haupo. Na ni mi niliyekuacha kule."

Zamani nilidhani Bibi ndiye aliyenirudisha, kwa elimu yake ya Rumonge. Sasa nimekuwa mama, na nimeona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mzima kurudi pale alipomkosea mtoto, na kulisema kosa lake mahali ambapo wengine wanasikia. Bibi aliijua njia, lakini aliyeinua sauti ni Baba. Kama kivuli kipo au hakipo, kilichoitikia ndani yangu kiliitikia hilo.

Mwanangu wa pili amechukua masikio yangu. Blenda ikiwashwa jikoni anakimbilia bafuni. Meno yake ni mazima, alhamdulillahi, lakini tumeona aanze kwenda kwa daktari kabla ya maumivu. Tumemweleza yote, kiti, taa, kioo, glavu. Alisikiliza akivuta ncha ya shati lake. Jana asubuhi aliuliza swali moja tu: kwa muganga wa meno kuna paka?

Sikujua. Nikamwambia tutakwenda kuangalia.